Mizani haikuharibika, Mwalimu

"Shikamoo daktari. Nina miaka 43, nafundisha sekondari Lushoto, kwetu ni Tanga mjini. Likizo ya Desemba nataka kwenda na baiskeli peke yangu kutoka Tanga hadi Mtwara nikifuata pwani. Wavuvi wa mtaani kwetu wananiambia Desemba kaskazi itanisukuma mgongoni. Mwezi uliopita nilijipima: Tanga hadi Pangani na kurudi siku hiyo hiyo, jua kali. Nilishaambiwa nisisubiri kiu, kwa hiyo nilikunywa karibu kila saa chupa ya lita moja na nusu, jumla chupa sita, na madafu mawili. Goti liliniuma Pangani nikameza diklofenaki. Wakati wa kurudi, nilipofika Kigombe kichwa kikaanza kugonga, vidole vikavimba, pete ya ndoa ikanibana hadi nikaivua kwa sabuni nyumbani. Nilitapika mara mbili. Mkojo ulikuwa kidogo sana, jirani akasema nimekaukiwa maji, akaninywesha lita nyingine. Nikazidiwa. Usiku wa manane nikaanza kukojoa mfululizo, kufika asubuhi nikapata nafuu. Kuna zahanati jirani, nilipima uzito asubuhi nikakuta kilo 71, jioni 72 na nusu, nikajua mizani yao mbovu. Sina ugonjwa mwingine ila presha, nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Je, ni jua, ni figo, au sikunywa maji ya kutosha? Na safari niiache?"

Marahaba, Mwalimu. Umeniuliza kama tatizo ni jua, figo au maji machache, na jibu umelitaja mwenyewe halafu ukalitupa: ule uzito. Mizani ilikuwa nzima. Mtu akipanda baiskeli kutwa nzima kwenye joto la Tanga anapaswa kurudi amepungua, hata kama amekunywa vizuri, kwa sababu mwili umeunguza akiba yake ya wanga na mafuta. Wewe umerudi umeongezeka kilo moja na nusu. Kilo hiyo na nusu haikuwa nyama. Ni maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea.

Sikukupima damu siku ile, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini uzito uliopanda, vidole vilivyovimba, kichwa, kutapika, kuzidiwa baada ya kuongezewa lita nyingine, kisha nafuu iliyokuja na mkojo mwingi usiku: yote yanaelekeza upande mmoja. Sodiamu katika damu yako ilishuka kwa sababu maji yalizidi. Jirani yako alikuwa na nia njema, na dawa aliyokupa ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe.

Nieleze inavyotokea, maana ukiielewa hutahitaji mtu wa kukukumbusha njiani. Damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na sodiamu kati ya 135 na 145 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Sodiamu ni sehemu ya chumvi tunayokula, na ndiyo inayoamua maji yakae wapi mwilini. Ukiongeza maji matupu kwenye chungu cha mchuzi uliokolea, chumvi haijapungua hata chembe, ila mchuzi umepooza. Damu yako ilifanywa hivyo hivyo. Damu ikishapooza, maji huhama kutoka kwenye mishipa na kuingia ndani ya chembe hai, ambako chumvi na vitu vingine bado vimekolea. Chembe zinavimba. Vidole vikijaa maji, kinachoumia ni pete. Chembe za kwenye ubongo zikivimba hazina nafasi, fuvu halitanuki, ndiyo maana huanza na kichwa na kichefuchefu, na zikiendelea hufuata kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu. Wewe uliishia kwenye kutapika. Wapo ambao hawakuishia hapo.

Sasa utauliza, na ni swali la haki: figo zilikuwa wapi? Figo za mtu aliyetulia nyumbani zinaweza kutoa maji ya ziada hadi karibu lita moja kwa saa. Njiani haziwezi, na si kwa sababu ni mbovu. Mwili ukiwa katika kazi nzito, joto, maumivu au kichefuchefu, ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji. Ni amri ya dharura, nzuri kwa kiumbe anayekimbia porini asiye na kisima karibu. Kwa mtu aliyebeba chupa sita ni balaa: anaongeza juu, na chini kumefungwa. Ndiyo maana mkojo ulikuwa kidogo wakati maji yamejaa, na ndicho kilichomdanganya jirani yako, na huwadanganya hata wauguzi. Uliposhalala, homoni ikashuka, mlango ukafunguka, na ukakesha chooni.

Diklofenaki nayo ilichangia. Dawa za kundi lake, ikiwemo ibuprofeni, huipa nguvu zaidi homoni hiyo ya kubana maji, na katika joto hupunguza damu inayofika kwenye figo. Nazisikia zikisifiwa kila ninapokutana na waendesha baiskeli; wengine humeza kabla hata ya kuumwa, kama kinga. Kwenye safari ya siku nyingi pwani, ziache nyumbani. Maumivu yakizidi, parasetamoli kwa kipimo chake na siku ya mapumziko.

Ushauri wa "usisubiri kiu" haukuanzia mtaani kwako. Ulienea duniani kwenye michezo kwa miaka mingi, na walioupinga walianzia huku kwetu Afrika. Mwaka 1985 mtafiti Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini waliandika kuhusu wanamichezo wanne waliougua kwa kunywa maji kupita kiasi katika mashindano marefu. Wengi hawakuwasikiliza. Mwaka 2002 watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston. Majibu yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kuwa asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini, na ishara kubwa kuliko zote ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio. Yaani mizani, Mwalimu.

"Basi nitaweka chumvi kwenye maji," najua umeshawaza. Itasaidia kidogo, ila haitakuokoa ukiendelea kunywa kwa kiwango kile. Vinywaji vingi vya wanamichezo vina sodiamu takriban sehemu moja ya saba ya ile iliyo kwenye damu. Ukinywa lita tisa za kitu hicho bado unapooza mchuzi, polepole kidogo tu. Unga wa kuzuia upungufu wa maji, ule wa pakiti tunaowapa watoto wanaoharisha, una kiasi cha nusu ya damu. Ni bora, na pakiti chache mfukoni ni akili, lakini fuata maji yaliyoandikwa kwenye pakiti. Madafu nayapenda, sitakukataza. Ila dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo halirudishi kilichotoka na jasho. Chumvi yako ipate kwenye chakula: samaki wa kukaanga, mihogo ya kuchoma iliyopakwa chumvi na pilipili, supu ya pweza, na ukiwa kusini, korosho za chumvi, ambazo huko hutazikosa. Simama ule. Mtu anayepita kwa maji na biskuti siku nzima ndiye ninayemwogopea.

Unywe kiasi gani? Kunywa ukisikia kiu, acha ikikata. Najua inasikika rahisi mno kwa mtu aliyetishwa miaka yote, lakini kiu ni kipimo kizuri. Huanza damu inapokolea kidogo tu, muda mrefu kabla hujadhurika. Ukitaka namba, jipime. Kojoa, vua nguo, pima uzito. Endesha saa moja kwa mwendo wa safari, wakati wa joto kama utakalokutana nalo. Jifute jasho, pima tena. Ukipungua nusu kilo na ulikunywa nusu lita, jasho lako ni kama lita moja kwa saa. Hiyo ndiyo dari: usiivuke, na si lazima kuifikia. Kupungua kilo moja kwa mtu wa kilo 71 kufikia jioni hakuna neno, chakula cha usiku kitairudisha.

Nisije nikakutoa kwenye tundu moja nikakutumbukiza kwenye jingine. Kukaukiwa maji kupo, na kiharusi cha joto kinaua haraka kuliko haya tunayozungumza. Pwani ina hila yake. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka: lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Hewa ya Tanga au Kilwa ikiwa imeshiba unyevu, jasho linachuruzika hadi kwenye pedali bila kukauka. Umepoteza maji, umepoteza chumvi, na joto limebaki nawe. Kumwagia maji kichwani na kwenye fulana mara nyingi kunakufaa kuliko kuyanywa.

Na hapo ndipo naingia kwenye kaskazi ya wavuvi wako. Kuhusu upepo wenyewe wamesema kweli: kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi unatoka kaskazini mashariki, na kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba kusi linatoka kusini. Ukienda kilomita 18 kwa saa dhidi ya upepo wa kasi hiyo hiyo, mwili unapambana na hewa ya kilomita 36, na ukinzani wake ni mara nne ya siku isiyo na upepo. Kwa upande wa miguu yako, kaskazi ya Desemba ni neema kwa anayeelekea Mtwara. Kwa joto la mwili ni kinyume. Upepo unaokusukuma kwa mwendo ule ule unaoendesha unakuacha umekaa ndani ya hewa iliyotulia. Hakuna kinachokausha jasho. Mtu wa dau halipi gharama hiyo, yeye amekaa. Wewe ndiye injini.

Kwa hiyo nikipewa kalenda yako, nisingechagua Desemba. Desemba pwani ni joto na unyevu, na mikoa ya Lindi na Mtwara ndiyo kwanza inaingia kwenye msimu wake wa mvua. Una likizo ya Juni. Panda basi, baiskeli juu, ushuke Mtwara, kisha rudi nyumbani na kusi mgongoni. Masika yamepita, na usiku Dar es Salaam hushuka hadi karibu nyuzi 19, kwa hiyo unalala usingizi wa kweli. Kukosa hewa ya mbele hakutakuumiza kama Desemba. Na kama lazima iwe Desemba, basi endesha saa 12 hadi saa 4 asubuhi, jifiche kivulini, umalizie kuanzia saa 10 jioni hadi kabla giza halijaingia. Siku zitaongezeka, kubali ziongezeke.

Kuna jambo la Lushoto pia. Milimani mwili wako umezoea baridi. Asiyezoea joto hutoa jasho lenye chumvi nyingi zaidi. Akikaa kwenye joto na kufanya mazoezi kila siku kwa wiki moja hadi mbili, jasho huanza mapema na chumvi yake hupungua. Ulishuka kutoka Usambara ukaenda moja kwa moja kuendesha kutwa nzima. Safari hii kaa Tanga, au Mtwara kwenyewe, wiki moja kwanza, ukiendesha saa moja au mbili kila siku.

Kuhusu njia sitasema mengi, wenyeji watakupa habari za wiki hiyo. Ujue tu kwamba "kufuata pwani" ni maneno ya ramani. Kutoka Dar kwenda kusini barabara iko bara, unapita Kibiti, Ikwiriri na daraja la Mkapa juu ya Rufiji, na bahari unakutana nayo Somanga. Kati ya Nangurukuru na Lindi vijiji vimeachana, hapo ndipo pa kubeba maji ya akiba na kuyanywa kwa kiu, si kwa hofu. Mafuriko ya 2024 yalikata barabara hiyo ya kusini, kwa hiyo uliza kabla hujatoka. Malori na mabasi ni mengi na bega la barabara mara nyingi halipo: kioo cha pembeni, fulana inayong'aa, na ukisikia honi nyuma shuka kwenye mchanga bila kubishana na mtu. Saadani ni hifadhi yenye simba na tembo. Kipande hicho panda gari.

Kinachonisumbua zaidi ni neno moja katika barua yako: peke yangu. Si majambazi wala simba. Sodiamu ikishuka, kiungo kinachougua ni kile kile unachotegemea kikuambie kuwa unaumwa. Mtu hujiona yuko sawa huku anajibu ovyo. Kwa hiyo panga na mtu wa nyumbani nyakati tatu za kupiga simu kila siku, na umweleze haya: asikuulize kama uko salama, akuulize uko kijiji gani, umekula nini, na umekunywa chupa ngapi. Ukianza kujikanyaga kwenye majibu, aseme simama na amtafute mtu aliye karibu nawe. Weka pia kikaratasi kwenye mfuko wa kifuani chenye jina lako, namba ya nyumbani, dawa unazotumia, na sentensi moja: "Nimewahi kuugua kwa kunywa maji mengi, tafadhali pimeni sodiamu."

Dalili zikianza, yaani kichwa, kichefuchefu na vidole vimevimba na tumbo linachezacheza kwa maji, acha kunywa, kaa kivulini, usiendelee na safari. Kama una akili timamu na hutapiki, kikombe kidogo cha supu yenye chumvi nyingi kinafaa, kisha subiri mkojo. Ukichanganyikiwa, ukitapika mfululizo au degedege ikianza, ni hospitali mara moja na asikupe mtu kitu mdomoni. Zahanati nyingi haziwezi kupima sodiamu. Ukiwa kusini fikiria hospitali: Kinyonga pale Kilwa, Sokoine Lindi, Ligula Mtwara. Aliye nawe aseme mapema kwamba ulikunywa maji mengi, kabla dripu haijatundikwa, maana dripu ya maji ya sukari kwa mgonjwa wa namna hii inazidisha uvimbe. Tiba ya walio mahututi ni dripu ya chumvi kali kwa kipimo kidogo, na hiyo ni kazi ya hospitali. Kama badala yake ngozi inaunguza na mtu anaweweseka, mvueni nguo na mummwagie maji mengi hapo hapo mlipo, kisha ndiyo gari litafutwe. Kwa macho tu hata mimi hunishinda kuyatofautisha wakati mwingine, kwa hiyo msikae barabarani mkibishana.

Sasa kidonge chako cha presha, ulichokitaja kwa nusu sentensi. Angalia boksi. Jina likiishia na "thiazide", hiyo ni dawa inayotoa maji na chumvi mwilini, na ni sababu inayojulikana ya sodiamu kushuka hata kwa mtu asiyepanda baiskeli. Baadhi ya dawa nyingine za presha hazigusi sodiamu sana, ila zikikutana na diklofenaki na jua zinaweza kuziumiza figo. Usiache kumeza kwa sababu umesoma hapa, presha iliyoachwa ghafla ina hatari zake. Nenda na boksi kwa daktari anayekutibu, mweleze siku ya Pangani kama ulivyonieleza mimi, pamoja na zile kilo, na umwombe apime sodiamu, potasiamu na kreatinini, kile kipimo cha kazi ya figo. Kama dawa itabidi ibadilishwe, ibadilishwe miezi kadhaa kabla ya safari, si wiki ya kuondoka. Hadi majibu yatoke, usiendeshe zaidi ya saa mbili kwa siku.

Safari usiiache. Goti tutalizungumza ukishapata majibu, lakini kama linauma mbele, chini ya kifuniko chake, nahisi kiti chako kiko chini mno. Pedali ikiwa chini kabisa, goti linatakiwa libaki limekunjika kidogo tu. Mwombe mtu akutazame kwa pembeni unapoendesha, upandishe kiti sentimita moja, uendeshe siku chache, halafu uniambie.